Kabla Hujamwita Mwenzako Introvati

Wanachuo wenzangu, msimu wa field unakaribia. Wengi mmeshaanza kuulizana nani anapangiwa wapi, geto litakuwa bei gani, na bumu litatoka kabla ya safari au baada ya njaa. Mimi ninasoma ualimu, niko mwaka wa tatu, na field zangu zote mbili nimeshamaliza. Naomba niwaeleze jambo moja ambalo sikuambiwa nilipokuwa naenda: vipimo vya haiba vinaweza kukusaidia sana kuishi vizuri na watu kazini, na vinaweza pia kukuharibia. Mimi vimenifanyia yote mawili ndani ya wiki nane.

Mwaka jana, siku chache kabla ya kuondoka, tulikuwa na semina ya stadi za kazi. Ilikuwa ya bure na soda zilikuwepo, kwa hiyo ukumbi ulijaa. Mwezeshaji akatugawia karatasi yenye maswali mengi ya kuchagua. Ukipata siku ya mapumziko, unatoka na watu au unabaki ndani? Ukipewa kazi, unaanza siku hiyo hiyo au unasubiri mwisho ukaribie? Mwisho unajumlisha, unapata herufi nne. Mimi nikapata ESTJ. Nikasomewa maelezo: mtu wa mipango, anayependa utaratibu, anayefaa kuongoza. Jamani, nilijisikia kama nimepigwa picha ya rohoni. Nilitoka pale nimevimba kichwa.

Tulikuwa wanne tuliopangiwa shule moja ya kata mkoani Morogoro: mimi wa Kiswahili, kaka mmoja wa Jiografia, dada wa Biolojia, na kaka wa Hesabu. Tulipanga nyumba moja, tukala sufuria moja, na ofisini tukapewa meza moja ndefu karibu na dirisha. Herufi zetu tulizijua wote. Basi zikageuka lugha ya nyumbani. Mtu asipoosha vyombo, "ah, huyu ni P huyu." Mtu akilala mapema, "mwacheni, introvati anachaji betri." Tulicheka sana wiki ya kwanza.

Herufi hizi zimetoka wapi?

Kabla sijasema kilichoharibika, tuangalie kwanza kitu chenyewe. Kipimo tulichofanya kilikuwa cha mfano wa MBTI, ambacho ndicho kinachojulikana zaidi duniani. Mzizi wake ni kitabu cha daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, Carl Jung, kilichotoka mwaka 1921. Jung alieleza kwamba kuna watu ambao nguvu zao huelekea nje, kwa watu na mambo, na wengine huelekea ndani, kwa mawazo yao. Ila hakuamini kwamba kuna binadamu ambaye ni wa upande mmoja mtupu.

Waliogeuza mawazo hayo kuwa karatasi ya maswali ni mama na binti yake huko Marekani, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers. Wote wawili hawakuwa wamesomea saikolojia rasmi. Isabel alisomea siasa chuoni na aliwahi kuandika riwaya ya upelelezi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanawake wengi walipoingia viwandani na maofisini kwa mara ya kwanza, aliona watahitaji kusaidiwa kupata kazi zinazowafaa. Akatunga maswali yanayomgawa mtu katika pande nne zenye chaguo mbili mbili: nguvu zako zinatoka kwa watu au kwenye upweke (E au I), unaamini zaidi unachokiona au unachokihisi kinakuja (S au N), unaamua kwa hoja au kwa kujali hisia (T au F), unapenda mambo yaliyopangwa au yaliyo wazi (J au P). Mbili mara mbili mara mbili mara mbili, unapata aina 16 za watu.

Lakini hamu ya kugawa watu kwenye makundi ni ya zamani kuliko huyo mama. Wagiriki wa kale walisema mwili una majimaji manne, na lile linalozidi ndilo linalotengeneza tabia yako. Ukikaa kwenye semina za ndoa au za vijana kanisani hapa kwetu, utasikia majina yaliyobaki kutoka huko: sangwini mchangamfu, koleriki mwenye amri, melankoli mwenye mawazo mengi, flegmatiki mtulivu. Kuna watu wamekataa wachumba kwa sababu ya majina hayo. Kwa hiyo tusidhani ni mambo ya Wazungu wa maofisini tu. Tumeyazoea.

Kwa nini tunaona "ni kweli kabisa"?

Hapa ndipo somo letu la saikolojia ya elimu linapoingia. Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha haiba. Baada ya wiki moja akampa kila mmoja maelezo ya tabia yake, akawaomba waseme yamewalenga kwa kiasi gani, kutoka 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Darasa zima likashangaa. Kisha akawaonyesha: wote walipewa karatasi moja yenye maneno yale yale, ambayo sehemu kubwa aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu kinachouzwa mtaani.

Siri yake ni kwamba yale maneno yanamfaa karibu kila mtu. Ukimwambia mtu kwamba wakati mwingine ni mchangamfu na wakati mwingine anapenda kuwa peke yake, nani atakataa? Mimi niliposomewa kwamba ninafaa kuongoza, sikuuliza kama mtu wa viti vya mbele naye aliambiwa hivyo. Nilikuwa nimeshakubali kwa sababu nilipenda kusikia.

Kuna tatizo lingine, nalo ni la kimahesabu. Ukiwapima watu uchangamfu, wengi wanaangukia katikati, kama vile ukipima urefu wa wanafunzi wa darasa moja. Wachache ni warefu sana, wachache ni wafupi sana, waliobaki wamekaa kati. Sasa chukua kamba, ifunge katikati kabisa, halafu sema wote wa huku ni "warefu" na wote wa kule ni "wafupi". Watu wawili waliopishana nusu sentimita watapewa majina tofauti, na mmoja akivaa viatu vingine siku nyingine atahama kundi. Ndiyo maana watafiti waliowarudishia watu kipimo baada ya wiki chache tu wamekuta sehemu kubwa yao wanapata angalau herufi moja tofauti. Mimi mwenyewe nilirudia karatasi ile baada ya field. E yangu ikawa I.

Kilichotokea ofisini

Wiki ya nne, mwalimu wa taaluma alitaka alama za jaribio la mwezi. Mimi zangu nilipeleka siku moja kabla. Za Jiografia hazikuonekana. Kwa kuwa nilikuwa nimejifanya kiongozi wa kundi letu, nikaitwa mimi, nikasemwa mbele ya walimu. Nilirudi kwenye meza yetu nimewaka. Nikamwambia yule kaka, kwa sauti ambayo ofisi nzima ilisikia: "We ni P, na hutabadilika. Kazi huanzi mpaka moto uwake."

Hakujibu. Alikusanya karatasi zake akahamia meza ya nyuma, karibu na mlango wa stoo.

Jioni kaka wa Hesabu akaniuliza swali rahisi tu: "Unajua ana vipindi vingapi?" Sikujua. Mimi nilikuwa na vipindi 12 kwa wiki. Yeye alikuwa na 26, kwa sababu mwalimu wa Jiografia wa pale alikuwa likizo ya uzazi na mikondo yake yote walimpa mwanafunzi wa field. Mimi nilisahihisha karatasi za mikondo miwili, yeye za mikondo sita, na baadhi ya mikondo ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 70. Usiku umeme ukikatika alikuwa anasahihishia kwa tochi ya simu, na mimi nimelala chumba cha pili, mtu wa mipango.

Kosa hili lina jina kwenye vitabu. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliliita kosa la msingi la kutafuta sababu. Mtu mwingine akikosea, tunasema ndivyo alivyo. Tukikosea sisi, tunasema ni mazingira. Mwenzako akichelewa ni mzembe, ukichelewa wewe ni daladala. Na herufi za haiba, zikitumiwa vibaya, zinalipa kosa hilo nguo nzuri. Bila zile herufi, pengine ningemuuliza kwanza kwa nini amechelewa. Nilikuwa na herufi, kwa hiyo nikajiona tayari nina jibu.

La pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu aliyeumia hakuwa amegombana na mtu. Dada wa Biolojia alikuwa amepangiwa kidato cha nne. Ni darasa la mtihani, na ndilo kila mwanafunzi wa field anatamani msimamizi kutoka chuo amkute akifundisha. Siku moja wakati wa chai, mimi ndiye niliyewasimulia walimu habari za semina yetu na herufi zetu. Nilitaka kuonekana msomi. Nikawaambia nani ni nani, na yule dada nikamtaja kwamba ni introvati. Wakacheka, tukacheka. Wiki iliyofuata ratiba ikabadilishwa. Kidato cha nne akapewa mwalimu mwingine, yeye akashushwa kidato cha kwanza. Alipouliza, akaambiwa darasa la mtihani linahitaji mtu mchangamfu, na "wenyewe mmesema wewe ni mtu wa ndani."

Hakuna aliyekuwa amemwona akifundisha. Walichokuwa wameona ni kwamba kwenye vikao vya ofisi alikuwa kimya. Sasa fikiria: binti wa miaka 21, amelelewa kwamba wakubwa wakiongea hupigi domo, anaketi na walimu wenye umri wa wazazi wake. Ule ukimya ni haiba au ni heshima? Kipimo hakiwezi kujua. Darasani alikuwa mtu mwingine kabisa. Nilimsikia mara moja nikiwa darasa la jirani akieleza mzunguko wa damu kwa kutumia foleni ya stendi, watoto wanacheka mpaka nikapoteza somo langu.

Nilimfuata nikamwomba msamaha. Kisha tukaenda wote kwa mwalimu wa taaluma. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba lile jambo nililisema mimi, lilikuwa mzaha, na kile kipimo hakipimi uwezo wa kufundisha. Alitusikiliza bila furaha. Akamrudishia vipindi viwili vya kidato cha nne kwa wiki, sio vyote. Msimamizi alipokuja alimkuta kidato cha kwanza. Alama alizopata sizijui, na sijawahi kupata ujasiri wa kumuuliza.

Watafiti wenyewe wanatumia nini?

Mtu asinielewe vibaya kwamba haiba haipo. Ipo. Watafiti wengi leo hawatumii aina 16, wanatumia sifa kuu tano: uwazi kwa mambo mapya, umakini na uwajibikaji, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Tofauti ni kwamba hapa huwekwi kwenye boksi. Unawekwa kwenye mstari: una kiasi gani cha kila sifa. Mwaka 1991 watafiti Barrick na Mount walikusanya matokeo ya tafiti nyingi wakaona kwamba umakini na uwajibikaji unahusiana na utendaji mzuri kwenye kila aina ya kazi waliyoichunguza. Uhusiano wenyewe si mkubwa kiasi cha kutabiri maisha ya mtu mmoja, ila upo.

Hata hizo sifa tano zina mipaka. Mwaka 2013 ulitoka utafiti uliofanyika kwa Watsimane, jamii ya wakulima na wawindaji wa Bolivia, na zile sifa tano hazikujitokeza kama zilivyotarajiwa. Maana yake, maswali yaliyotungwa kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani hayawezi kubebwa tu yakawekwa mbele ya mtu wa Kilosa na tukadhani yanapima kitu kile kile.

Na kwa ile MBTI, hata wenye nayo wanaeleza wazi kwamba si halali kuitumia kuchagua nani aajiriwe. Kama wenye mali wanasema hivyo, ofisi ya walimu haina sababu ya kuitumia kupanga ratiba.

Basi kitumikeje?

Pamoja na yote hayo, kuna siku kile kipimo kilituokoa. Baada ya ugomvi, nyumba ilikuwa baridi. Kaka wa Hesabu akapendekeza tuchukue zile karatasi za semina, tuyasome maswali upya, kila mtu ajibu kwa mdomo na kueleza. Herufi tusizitaje.

Ndipo nikajua mambo ambayo wiki tano za kula pamoja hazikunifundisha. Dada wa Biolojia alisema hapendi kuulizwa wazo papo kwa papo mbele ya watu; ukimpa swali jioni, asubuhi anakuja na jibu zuri kuliko letu sote. Kaka wa Jiografia alisema orodha zangu za kazi nilizokuwa nabandika mlangoni zilimfanya ajisikie kama mwanafunzi wa bweni. Mimi nikasema kwamba mambo yasipopangwa napata hofu, kwa sababu nyumbani kwetu mimi ni wa kwanza na nikisahau kitu wadogo zangu wanalala njaa. Sikuwahi kumwambia mtu hilo. Hakuna herufi inayolibeba.

Kutokana na hapo, haya ndiyo ninayowashauri mnaokwenda field, na hata mnaokwenda kuajiriwa.

Kwanza, maswali yana faida kuliko majibu. Yatumieni kuanzisha mazungumzo. "Ukikasirika, unataka tuongee muda huo huo au tukuache kwanza?" Swali hilo moja likijibiwa siku ya kwanza geto, litawaepusha na mengi.

Pili, kila mtu ajieleze mwenyewe. Kusema "mimi nahitaji ukimya nikiandaa somo" ni sawa. Kusema "yule ni introvati" si kazi yako. Na yale mliyoambiana nyumbani yasifike kwenye meza ya chai.

Tatu, kabla hujataja tabia ya mtu, angalia mzigo wake. Ana vipindi vingapi? Analala saa ngapi? Bumu lake limekwenda wapi? Mara nyingi jibu liko kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani.

Nne, muwe na makubaliano yanayoonekana. Sisi tuligawana upya: mimi na kaka wa Hesabu tukachukua mikondo miwili ya Jiografia tukawa tunamsaidia kujumlisha alama. Jaribio la pili alama zote zilifika kwa wakati. Haiba ya mtu yeyote haikubadilika.

Tano, kama mnataka mchezo wa kujifahamu, kuna mmoja unaitwa Dirisha la Johari. Jina linavyosikika ungedhani ni la Kiswahili, kumbe ni majina ya waliolibuni mwaka 1955, Joseph Luft na Harrington Ingham, yaani Joe na Harry. Unachora dirisha lenye vioo vinne: ninayoyajua kunihusu na wenzangu wanayajua, ninayoyajua mimi tu, wanayoyajua wenzangu mimi siyajui, na yasiyojulikana na yeyote. Unachagua maneno yanayokueleza, wenzako nao wanachagua yao, mnalinganisha. Uzuri wake ni kwamba kioo cha tatu hujazi wewe. Kwangu walijaza neno moja wote watatu: "anaamrisha." Niliumia, lakini walikuwa sahihi.

Kaka wa Jiografia tunasalimiana vizuri sasa. Akinikuta kafteria ananiita "Mwalimu J" na ninacheka. Dada wa Biolojia tunapishana tu kwenye korido, habari, nzuri, basi. Amepangiwa kundi moja nami kwenye mradi wa muhula huu. Kikao cha kwanza ni Jumatano, na nimeshamtumia maswali leo, ili apate muda wa kuyafikiria.